Wikiendi nje ya nyumba, Unguja Mjini: panga safari yako kwa kufuata maji

Wengi wetu tulozaliwa hapa Mjini bahari tunaijua kwa kuitazama tu pale Forodhani huku tunakunywa juisi ya miwa, kisiwa cha Changuu tunakiona kila siku mbele yetu lakini hatujenda, na msitu wa Jozani tulipelekwa na skuli mara moja basi imeisha hiyo. Huu mwongozo nimeuandika kwa ajili yetu sisi, watu wa Mji na wanaokaa Mji, kwa sababu mgeni yeye keshapangiwa kila kitu na hoteli yake. Karibu yote nitakayotaja hapa unatoka asubuhi unarudi kulala kwako, na mengi hayataki pesa kubwa, ila yanataka ujue kitu kimoja ambacho wazee wetu walikuwa wanakijua bila simu wala intaneti, nacho ni leo maji yanakupwa saa ngapi na yanajaa saa ngapi. Ukilijua hilo unajua pa kwenda. Usipolijua unalipa boti kwenda kuangalia fungu la mchanga ambalo limeshazama.

Hatua ya kwanza: angalia mwezi ni wa ngapi

Nazungumzia mwezi muandamo, siyo Januari na Februari. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu tarehe 15 hivi za Kiislamu, hapo ni bamvua, maji yanapanda sana halafu yanatoka sana, tofauti ya juu na chini inaweza kukaribia mita 4. Katikati yake, tarehe 8 na 22 hivi, ni maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo.

Sasa uzuri wa bahari yetu ni kwamba bamvua ina saa zake hazibadiliki sana. Siku za bamvua maji hujaa mida ya saa 10 alasiri na hukupwa mida ya saa 4 asubuhi. Maji mafu ni kinyume chake, asubuhi ya saa 4 yamejaa na saa 10 jioni yamekupwa. Kwahiyo ile kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inakutosha kabisa kupanga wikiendi. Mfano Jumamosi imeangukia mwezi 16, basi asubuhi nenda fungu la mchanga au nenda ukatembee mwambani huko shamba, jioni rudi Forodhani maji yamejaa. Jumamosi imeangukia mwezi 8, achana na fungu siku hiyo, ni siku ya baiskeli, ya msitu, au ya kumfundisha mtoto kuogelea maana maji yametulia. Na kama huna uhakika nenda pwani kamuulize mvuvi, "Shkamoo mzee wangu, leo maji yanakupwa saa ngapi?" atakujibu bila kuangalia popote na atakuongezea na habari ya upepo bure.

Hatua ya pili: upepo

Kaskazi inavuma Desemba mpaka Machi hivi, bahari ya upande wa Mji inapitika vizuri tu. Masika ni Machi mpaka Mei, mvua ndo zinatawala. Halafu inaingia kusi, na kusi ya Juni, Julai na Agosti siyo ya kuifanyia mzaha. Sote tunakumbuka MV Skagit ilivyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, na kabla yake Septemba 2011 Spice Islander, kuna nyumba mpaka leo hazijapoa. Sisemi hivi kukutisha usitoke, nasema ili nahodha akikwambia "leo hapana" usibishane nae na wala usiende kutafuta mwengine atakaekubali.

Kanuni ya kawaida ya boti ndogo ni kutoka mapema na kurudi mapema. Alfajiri kuna umande unavuma kutoka nchi kavu, bahari imelala, ikifika adhuhuri upepo unaamka na mawimbi yanaanza kuvunjika. Ukitoka saa 2 asubuhi ukarudi saa 7 mchana siku nyingi utakuwa umeenda na bahari nzuri.

Hatua ya tatu: jifunze kuogelea kwanza

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu naona tunapapita haraka. Tumezungukwa na maji pande zote na bado watu wazima wengi hawajui kuogelea, hasa kina mama na dada zetu, na wanaona aibu kuanza ukubwani. Hakuna aibu yoyote ndugu yangu. Tafuta siku ya maji mafu, nenda pwani yenye mchanga isiyo na mwamba, pale Fuji Bububu panafaa na daladala ya 502 inakushusha karibu, nenda asubuhi kabla watu hawajajaa na uende na mtu anaejua. Ingia mpaka maji yakufike kifuani na usivuke hapo. Siku ya mwanzo usijifunze kupiga mikono hata kidogo, jifunze kuelea chali tu, masikio ndani ya maji, kifua juu, unapumua taratibu unaangalia mawingu, mwenzako ameweka mkono chini ya mgongo wako halafu anautoa bila kukwambia. Mtu anaejua kuelea ana muda wa kusubiri msaada, na anaejua kupiga mikono tu anachoka ndani ya dakika chache. Mikono na miguu itakuja yenyewe baadae.

Kwa kina dada, nguo ya kuogelea ya kujisitiri mwili mzima ipo, na suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu inafanya kazi. Usiingie na buibui wala kanga ya kujifunga, ikirowa inakuwa nzito inakuzonga miguu, na hilo ni jambo la hatari kweli.

Makachu

Huu ndo mchezo wa Mji wenyewe, haulipiwi, na ukifika pale Forodhani jioni ya bamvua utaona vijana wanavyoruka kutoka ukutani wanajipindua hewani mpaka unashika kichwa. Watalii wanawapiga picha dunia nzima inawajua. Lakini kuangalia na kuruka ni vitu viwili tofauti, kwahiyo kama unataka kujaribu fuata hivi.

Fika baada ya alasiri, usiruke, kaa ukutani uangalie kwanza nusu saa. Angalia wenyeji wa pale wanarukia wapi na wapi hawarukii, maana chini kuna mawe na wao wanayajua mahali pake, halafu muulize mmoja wao, hawana hiyana. Maji lazima yawe yamejaa, hili halina mjadala, maji yakishaanza kutoka acha hata kama wenzako bado wanaruka. Angalia pa kutokea kabla ya kuingia. Mara ya kwanza ruka miguu mbele, miguu umeibana, mikono umeikusanya kifuani, hakikisha chini hakuna mtu wala boti inayopita. Kichwa mbele na kujipindua achia wale walokulia pale, shingo ikigonga jiwe ni maisha mazima kwenye kiti. Na usikimbie juu ya ukuta uliorowa, watu wanaumia zaidi kwa kuteleza kabla hata hawajaruka.

Watoto wadogo wanarukaruka pale bila mtu mzima wa kwao na mimi sikubaliani nalo kabisa. Kama mtoto wako anakwenda, nenda ukakae pale.

Changuu na fungu la Nakupenda

Kwa boti ya mashine kutoka mbele ya Mji mpaka Changuu ni kama nusu saa hivi au pungufu. Bei inategemea maneno yako, kwahiyo kusanyaneni watu sita au nane, mkodi boti nzima msilipe kwa kichwa, na kabla hamjapanda mkubaliane mambo haya wazi wazi: ni kwenda na kurudi, atawasubiri saa ngapi, mnapita na fungu au hampiti, kiingilio cha kisiwani kimo au hakimo. Toeni nusu ya pesa, nusu mkirudi. Onyesha kwamba wewe ni mtu wa hapa na kitambulisho uwe nacho, sehemu nyingi za kiingilio mwananchi ana bei yake na mgeni ana yake.

Halafu kagua boti. Jaketi za kuokolea zihesabiwe, kila mtu na lake, mtoto la size yake, na zivaliwe kabla boti haijaondoka, jaketi liloviringishwa chini ya benchi halimuokoi mtu. Kuwe na chombo cha kutekea maji, nanga na kamba yake, simu yenye chaji. Na nyumbani muage, semeni mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi.

Changuu kwenyewe kuna kobe wakubwa ambao asili yao ni wanne waloletwa kutoka Seychelles mwaka 1919, wengine wana umri wa kumpita babu yako, wape jani usiwapande mgongoni na usiruhusu mtoto apande. Lile jengo la jela lilijengwa mwaka 1893 lakini halikufungiwa mfungwa, likaja kutumika kuwaweka karantini watu wa melini, tembea ndani uone, ni historia yako. Kuogelea na miwani ya kuzamia kuna matumbawe na samaki wa rangi zote, vaa viatu vya maji kwa sababu ya wale viumbe wa chini ya maji wenye miba mirefu myeusi, na usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka, yanavunjika na kurudi kwake ni miaka na miaka. Ukichoka elea chali, si umeshajifunza.

Fungu la Nakupenda ni siku za bamvua tu kama unataka raha yake. Maji yanakupwa saa 4 asubuhi kwahiyo fungu lote linatoka nje mchanga mweupe kama unga wa ngano, saa 3 mpaka saa 6 ndo wakati wake, baada ya hapo linaanza kuliwa kila upande. Hakuna mti wala kivuli, bebeni mwavuli, kofia ya ukindu, maji ya kunywa zaidi ya mnavyodhani. Maji yakianza kurudi muwe mmeshafungasha, msisubiri mpaka mnafukuzwa. Na taka zote zirudi na nyinyi Mjini, jamani, maganda ya embe, chupa, hata kile kijifuko cha karanga.

Baiskeli mpaka Kidichi

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote na ndo ya bei rahisi. Kodi au azima baiskeli yenye breki mbili zinazoshika, pampu na kiraka ndani ya begi, toka saa 12 na nusu asubuhi kabla barabara ya Bububu haijaamka. Fuata barabara ya pwani ya kaskazini, kaa kushoto kabisa, daladala zinasimama popote na bila taarifa kwahiyo usimfuate kwa nyuma kwa karibu.

Simama Maruhubi kwanza, lile jumba la Seyyid Barghash liliungua mwaka 1899 zikabaki nguzo zake zimesimama peke yake kwenye majani. Mbele kidogo ni Mtoni, jumba alozaliwa Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, mwaka 1844, pwani ile ile. Halafu endelea mpaka Bububu, na ujue hapo unapopita kuanzia 1905 ilikuwa njia ya garimoshi kutoka Mjini, wazee wetu walikuwa wanapanda treni kwenda Bububu, mtoto wa leo ukimwambia anadhani unamtania. Bububu kunywa chai na mkate wa kumimina, jaza maji, kisha kata kulia upande wa shamba. Hapa ndo kuna kupanda, siyo kilima kikubwa lakini baiskeli isiyo na gia utashuka usukume, na sukuma tu hakuna ubaya. Kidichi utakuta hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa mfalme wa Iran, mapambo ya ukutani ya maua na ndege bado yapo. Mbele yake ni Kizimbani kwenye mashamba ya viungo, msimu wa karafuu harufu inakufata njia nzima. Kununua dafu kwa mwenye mnazi ni bora kuliko kupita ukichuma cha mtu.

Kurudi ni mteremko mpaka Bububu, hapo ndo uangalie breki, changarawe kwenye kona zinaangusha. Vaa helmeti hata kama hakuna mwengine alovaa.

Misitu

Masingini ni msitu wa hapa hapa nyuma ya Bububu, juu kwenye mwinuko, na ni wa maana kwetu kwa sababu unalinda chemchem ambazo Mji umekunywa maji yake tokea enzi za Barghash. Unatembea kwenye kivuli saa mbili tatu, ndege wengi, kelele za Mji hazifiki. Uliza mlangoni mwa wahifadhi kabla ya kuingia, vaa raba za kufunga siyo ndara, na siku ya pili baada ya mvua udongo unateleza vibaya.

Jozani ni mbali kidogo, kilomita 35 hivi, panda daladala ya 309 ya Jambiani au 310 ya Makunduchi mwambie utingo akushushe Jozani. Pamoja na ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tokea 2004. Kima punju asili yao duniani kote ni hapa Unguja tu, na hilo peke yake lingetosha kutufanya twende. Nenda asubuhi mapema au baada ya alasiri, mchana wa jua kali wanalala. Kaa mbali nao mita tatu au zaidi, usiwape chakula hata ndizi, sisi tunawaambukiza maradhi. Muulize muongozaji akueleze habari ya kula mkaa, kima wanaoishi karibu na mashamba wanaokota mkaa wanautafuna ili kupunguza sumu ya majani ya miembe na mikungu wanayokula, mama humfundisha mtoto kwa kuonwa tu. Na ukiwa na gari yako mwenyewe yale matuta ya barabarani pale yaheshimu, yamewekwa kwa ajili yao maana walikuwa wakigongwa. Tiketi hiyo hiyo inakupeleka na kwenye mikoko upande wa pili wa barabara, kuna daraja la mbao linapita juu, maji yakiwa yamekupwa ndo unaona kaa na mizizi vizuri.

Vyengine kwa ufupi

Mangapwani, kilomita 20 hivi kaskazini, kuna pango la mwamba lenye maji baridi ndani na lile shimo la kufichia watumwa baada ya biashara kupigwa marufuku 1873. Beba tochi. Watu wengine huenda pale kwa mambo yao ya mizimu, ukikuta vitambaa au ubani usiguse, na kwenye lile shimo la watumwa usipige picha za kucheka.

Jambiani na Paje asubuhi ya bamvua bahari inakimbia mbali mpaka unaweza kutembea kuelekea mwambani. Pita na mtu wa kijiji, usikanyage kamba za mwani, zile ni riziki za kina mama, na geuka maji yakianza tu kurudi kwa sababu yanazunguka kwa nyuma kwenye mikondo kabla hujayaona mbele. Paje ndo kwenye michezo ya tiara za kuvutwa majini, wakati wa kaskazi na kusi, ni ghali lakini vijana wa kijiji wengi wamekuwa walimu hodari, muulize mmoja wao mtakubaliana.

Kuzamia na mtungi usijaribu bila mwalimu mwenye cheti. Karibu na Mji kuna mabaki ya Great Northern, meli ya Waingereza ya kulaza nyaya ilopotea 1902, na wanaanzishwa wanafunzi pale. Ukishazamia usipande ndege mpaka zipite saa 18, boti ya Dar haina tatizo.

Mwezi wa Ramadhani haya yote yanawezekana isipokuwa tembea ya jua kali na boti ya mchana, funga na bahari ya adhuhuri havipatani, fanya baada ya swala ya alfajiri au jioni karibu na futari. Na kila unapopita kijijini jifunike, mwanamme vaa fulana, hata kama umetoka majini sasa hivi.

Ukiumia

Begi liwe na bandeji, dawa ya kidonda, siki kwenye chupa ndogo, maji ya kutosha na tochi. Konyeza akikuchoma usisugue na mchanga, mwagia siki, toa nyuzi kwa kitu siyo kwa vidole. Samaki taa hulala amejifukia mchangani kwenye maji madogo, kwahiyo ukitembea buruta miguu usiinyanyue, atakusikia ataondoka. Akikuchoma tia mguu kwenye maji ya moto kiasi unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa mpaka saa moja na nusu, yanapunguza maumivu sana, halafu nenda hospitali hata kama umepata nafuu maana kipande cha mwiba huwa kinabaki ndani. Mtu alokunywa maji mengi ya bahari akatapika akasema nimepona, nae apelekwe, Mnazi Mmoja iko pale pale Mjini, kwa sababu mapafu yanaweza kumgeuka saa kadhaa baadae akiwa amelala nyumbani.